Ubao wa Mzee Clarrie

Mzee Clarrie Budgen alikuwa anamwonea wivu hata mbwa wake mwenyewe. Mbwa huyo, Pudden, akienda kulala chini ya karavani la jirani kwa sababu kule kuna kivuli kizuri, mzee anashinda siku nzima hamsemeshi.

"Nenda tu," anamwambia. "Nenda kwa hao unaowapenda."

Na mbwa anaenda kweli.

Mimi nimekulia katika kambi hiyo ya karavani. Mama yangu, Jodie, ndiye anayesafisha mabafu, na mimi tangu niache shule nasugua majiko ya gesi ambayo wageni wanachomea soseji. Ukiwa unasugua jiko watu wanasahau kama upo. Wanagombana mbele yako, wanapatana mbele yako, na wewe unaendelea na brashi yako. Ndiyo maana habari za mzee Clarrie nazijua kuliko wanavyozijua wengi.

Kwetu bahari haipatikani sehemu moja. Mbele ya kambi kuna Mchanga Mrefu, unaokwenda mpaka macho yanachoka. Lakini upepo wa kusini-mashariki ukivuma, Mchanga Mrefu unachafuka, mawimbi yanakuja bila mpango, na ukikaa kula mkate unakula na mchanga. Siku hiyo unakwenda Ghuba ya Mikadi, ambayo imeupa mgongo upepo huo na maji yake yanatulia kama ya kwenye karai. Upepo ukitoka kaskazini, Mikadi inaharibika, basi unazunguka rasi unakwenda Nyuma ya Mnara. Na wenye watoto wadogo wana Mdomo wa Mto, maji yake rangi ya chai isiyo na maziwa, bahari ikijaa tu, maana ikitoka mto unavuta. Kila ufukwe una siku yake. Mtu wa hapa anayekosea ufukwe anachekwa wiki nzima.

Basi Krismasi inapokaribia na kambi imejaa, kila asubuhi swali ni moja tu: leo wapi?

Nje ya mabafu kuna ubao mweusi. Zamani uliwekwa wa kuandika maji yatakatwa lini. Mwaka mmoja, mimi sijazaliwa, mzee Clarrie alikuja likizo na mkewe Val kutoka bara huko ndani, ambako alikuwa dereva wa lori la zege. Asubuhi moja akachukua chaki akaandika LEO MIKADI. Watu wakaenda, wakakuta maji safi, wakarudi wamefurahi, na jioni wakamletea bia. Mama anasema hajawahi kumwona mwanaume akibadilika sura vile kwa ajili ya bia ya bure. Mimi nadhani haikuwa bia. Maisha yake yote alikuwa anaambiwa na wengine zege aende akaimwage wapi. Siku hiyo kwa mara ya kwanza watu walikwenda alikowaambia yeye.

Alipostaafu wakahamia kambini moja kwa moja. Ubao ukawa wake. Chaki anaiweka kwenye kopo la tumbaku, na kopo liko mfukoni. Asubuhi anatoka na kaptura yake ya kijani, analowesha mkono kwenye bomba, anausimamisha juu ili vinyweleo vimwambie upepo unatoka wapi, halafu anaangalia vilele vya mivinje. Watu wanasubiri na taulo shingoni. Anaandika ufukwe mmoja tu, hata siku moja haandiki miwili. Ukimwuliza, "Na kama mtu anataka kwingine?" anakujibu, "Kuna siku mbili leo?"

Bibi Val alikuwa anakwenda ubao ulikosema. Si kwamba hana akili zake, anazo nyingi. Ila alikuwa anachukua kikapu, anaweka chupa ya chai na matunda, anapita mbele ya ubao anasoma kwa sauti, "Haya, Mikadi," na mzee anamfuata nyuma amebeba mwavuli, amejaa kama puto.

Halafu Desemba iliyopita akaja Errol Teague.

Errol amefiwa na mkewe, ni mwoka mikate mstaafu, ana mikono mikubwa na sauti ya chini. Alikodi nafasi jirani na akina Budgen. Na kumbe si mgeni. Alizaliwa mjini hapa hapa, baba yake alikuwa na ng'ombe wa maziwa pale yalipo maduka sasa. Mzee Clarrie aliposikia hilo alikuwa anakunywa chai. Akaweka kikombe chini kama mtu aliyeambiwa shamba lake lina mwenyewe.

Siku ya pili yake Errol akapita karavani kwa karavani akigawa skonzi za moto na jamu. Alifika kwenye jiko la pamoja, akatukuta tumesimama.

"Mnamsubiri nani?" akauliza.

"Mzee Clarrie aandike," mama akamjibu.

"Aandike nini?"

"Tukaogelee wapi."

Errol akacheka, si kwa ubaya. "Sisi utotoni tulikuwa tunawaangalia ng'ombe wa baba. Wanaupa upepo mgongo. Wakigeukia huku, sisi tunakwenda kule. Siku hizi ng'ombe hakuna, naangalia hawa ndege wa pwani, shakwe. Shakwe yeye anauangalia upepo usoni."

Mzee Clarrie alikuwa ameshafika, mkono umelowa. "Shakwe!" akasema. "Shakwe anaangalia chipsi."

Watu walicheka na Errol akacheka kuliko wote, akampa skonzi. Mzee akaipokea, akaila, na nilimwona anavyoitafuna. Ilikuwa tamu na ilimkera kwamba ni tamu.

Tangu hapo donge likamkaa. Errol akikaa kwenye kiti chake cha kukunja, watu wanamkusanyikia, anawaeleza Mchanga Mrefu ulivyokuwa kabla ya maghorofa, wapi walikuwa wanachimba kome kwa vidole vya miguu. Mzee Clarrie anapita hapo mara tatu na ndoo tupu. Errol akinunua turubai jipya la kivuli, mzee anasema litapasuka. Errol akimsalimia Pudden, Pudden anajilaza chali akunwe tumbo, na mzee anageuza uso kama ameona jambo la aibu.

Ila kilichomwumiza hasa ni Val. Asubuhi moja ubao ulisema MCHANGA MREFU. Errol na watu wa karavani tatu nne walikuwa wanajipakia kwenye gari lake waende Nyuma ya Mnara, kwa sababu Errol alitaka kuwaonyesha pango ambalo walikuwa wanajificha wakitoroka shule. Bibi Val akaweka kikapu chake humo na yeye akaingia. Alirudi mchana, nywele zimejaa chumvi, anacheka peke yake.

Mimi nilikuwa nasugua jiko lililo mbele ya karavani lao.

"Ulikuwa wapi?" mzee akamwuliza, na huku anajua.

"Nyuma ya Mnara. Kuna pango, Clarrie! Miaka yote hii na hukuniambia kuna pango."

"Mimi sikuzaliwa pangoni."

"Usianze."

"Ubao ulisema Mchanga Mrefu."

"Niliusoma."

"Sasa?"

"Sasa miaka yote nakwenda kwa ubao wako. Leo nimekwenda kwa miguu yangu. Kuna kesi?"

"Hakuna kesi. Nenda. Kesho nenda tena. Nikuletee taulo lake pia umkaushie?"

Bibi Val akamtazama hivi, akaingia ndani akafunga mlango wa wavu polepole. Kwa bibi Val, mlango ukifungwa polepole ni kwamba amekasirika sana. Mzee akabaki nje, akaanza kukunja mwavuli ambao ulikuwa umeshakunjwa.

Kwa hiyo kesho yake nilikuwa macho mapema kuliko kawaida. Nilitaka kuona bibi Val atakwenda wapi. Kambi nzima ilitaka kuona, ila wao walijifanya wanapiga mswaki.

Mzee Clarrie akatoka. Akalowesha mkono, akausimamisha. Hapakuwa na upepo wa kusema upepo, lakini vilele vya mivinje vilikuwa vinainama kidogo, kidogo tu, kutoka kaskazini-mashariki. Upepo huo unaanza hivyo, kama unabisha hodi. Jua likipanda ndipo unapoingia mzimamzima na kusukuma maji moja kwa moja ndani ya Mikadi, na humo kwenye maji wanakuja yavuyavu wa buluu, wale wenye kipovu kama mfuko wa plastiki na mkia mrefu kama uzi wa kushonea. Huo uzi ukikugusa utamtaja mama yako. Kila mtu hapa anajua hivyo, na mzee alijua kuliko sisi. Nilimwona ameiangalia mivinje, akatikisa kichwa, akatoa kopo, akaanza kuandika. Aliandika NYUMA.

"Nyuma ya Mnara leo, siyo Clarrie?" Errol alikuwa nyuma yake ameshika birika. Alisema vizuri tu, kama mtu anayeongea na mwenzake wa kazi. "Shakwe wote pale juu ya paa wanaangalia kaskazini."

Mkono wa mzee ukasimama. Watu wote walikuwa wamesikia. Akimalizia neno lile itaonekana ameambiwa na Errol. Akafuta kwa kiganja, akaandika kwa herufi kubwa, chaki inalia: MIKADI.

"Mikadi?" Errol akauliza.

"Hujui kusoma?"

Errol akainua mabega. "Ubao ni wako, kaka." Akaenda kumimina chai.

Watu wakagawanyika. Wengine wakasogea kwenye gari la Errol, wengine, hasa wenye watoto ambao wameshazoea, wakachukua njia ya Mikadi. Bibi Val akatoka na kikapu chake. Akasimama kati. Akaliangalia gari, akauangalia ubao, akamwangalia mumewe ambaye alikuwa ameinama anafunga kamba ya kiatu. Alikuwa amevaa ndala.

"Haya," bibi Val akasema kwa sauti ya watu wote kusikia. "Mikadi. Nakwenda na mume wangu."

Sijawahi kumwona mzee yule akinyanyuka kwa haraka vile. Akachukua mwavuli, akachukua kikapu, akachukua na taulo la mtoto wa watu. Njiani alikuwa anapiga mluzi. Mimi nikaacha brashi nikawafuata.

Na tulipofika, Mikadi ilikuwa kioo. Waokoaji walikuwa wameshachomeka bendera zao nyekundu na njano, maji yanaonekana mpaka chini, watoto wakaingia mbio.

"Mmeona?" mzee Clarrie akasema, kwetu sote na si kwa mtu fulani. "Shakwe wanasemaje?"

"Acha hizo, kunywa chai," bibi Val akamwambia, lakini alikuwa anatabasamu. Wakakaa chini ya mwavuli mmoja. Bibi Val akammenyea embe. Akamwambia angependa siku moja amwonyeshe na yeye lile pango, waende wawili tu. Mzee akawa anatafuna embe na kuitikia kwa kichwa, na uso wake ulikuwa umelainika kabisa. Nadhani wakati huo hakumwonea wivu mtu yeyote duniani.

Baadaye bibi Val akavaa kofia yake ya mpira, akateremka majini. Yeye huingia polepole, anajimwagia mikono kwanza, halafu shingo.

Mzee alimfuata mpaka kwenye mchanga uliolowa, akasimama hapo akimtazama. Mimi nilikuwa kwenye mwamba pembeni. Nilihisi upepo kwenye shavu langu la kulia. Miti ya mikadi iliyoko juu ya mwamba ikaanza kugonganisha majani. Mzee naye akageuza shavu.

Ndipo kikatokea miguuni pake. Wimbi dogo lilikuja likarudi, likaacha kitu cha buluu kwenye mchanga, kimoja, kinang'aa. Mzee akakiangalia. Akamwangalia mkewe, ambaye maji yalikuwa kiunoni. Akaangalia huku na huku. Halafu, kwa kisigino, akasukuma mchanga juu yake. Akakanyaga. Akasimama hapo hapo juu, mikono nyuma, kama mtu anayetazama bahari.

Nikateremka mwamba mbio nikipiga kelele, "Bibi Val! Bibi Val, toka!" Lakini upepo ulikuwa umeshaingia na ulikuwa unanirudishia sauti yangu mdomoni. Kabla sijafika chini mtoto mmoja akalia, kisha mwingine, kisha nikaisikia sauti ya bibi Val, ambayo sijawahi kuisikia hivyo, nyembamba. Waokoaji wakapuliza filimbi. Mzee Clarrie akaingia majini na ndala zake na miwani yake, akamshika mkewe, akatoka naye, uzi wa buluu umemzunguka kutoka mkononi mpaka shingoni. Akaung'oa kwa vidole vyake mwenyewe.

Dawa yake ni maji ya moto, si ya kuunguza, yale ambayo kiwiko kinaweza kuvumilia, na yawe mengi. Waokoaji waliwashughulikia watoto pale pale, bibi Val akasema anataka kwenda kwake. Mama akamkalisha kwenye kiti cha plastiki chini ya bomba la bafu. Lakini wengine nao walikuwa wanarudi na watoto wao, kila bomba likafunguliwa, na baada ya muda maji ya moto yakaisha. Ikabidi watu walete birika kutoka kwenye makaravani yao. Wakapanga foleni mlangoni.

Mzee Clarrie alikuwa kwenye foleni hiyo na birika lao dogo. Errol, aliyerudi aliposikia, alikuja na sufuria lake la kazi, lile kubwa, ameshachanganya na maji baridi, ameshapima kwa kiwiko. Watu wakampisha. Mama akamwaga polepole begani kwa bibi Val.

Bibi Val alikuwa amefumba macho. "Maji ya nani haya?"

"Ya Errol," mama akasema.

"Yamepimwa vizuri."

Mzee Clarrie aliyasikia akiwa mlangoni. Mke wake anaungua kwa sababu yake, na bado nikaona donge linampanda, linamfika hapa kwenye koo, analimeza, linarudi. Birika lake lilikuwa limeshapoa. Akaenda kulichemsha upya.

Jioni, jua bado lipo, bibi Val alikaa nje amevaa gauni jepesi. Michirizi myekundu ilikuwa imetokeza mkononi kama amechapwa na kamba nyembamba. Mzee akaja akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Mimi nilikuwa kwenye jiko langu.

"Val."

"Mm."

"Niliona wa kwanza."

"Wa kwanza nini?"

"Yavuyavu. Alikuja miguuni kwangu."

Bibi Val akageuza kichwa. "Lini?"

"Ulipokuwa unaingia. Maji yalikuwa kiunoni."

"Ukafanya nini?"

"Nikamfukia."

Kwa jirani Errol alikuwa anapanga masinia yake, akaacha kuyapanga.

"Na asubuhi," bibi Val akasema, "upepo uliujua?"

"Niliujua."

"Kwa sababu ya yule bwana wa skonzi."

"Asubuhi, ndiyo, kwa sababu yake." Mzee alikuwa anaangalia ndala zake. "Kule ufukweni si yeye. Kule ni kwamba ulikuja na mimi. Ningepiga kelele ungetoka, watu wangeondoka, na wewe ungerudi kusikiliza mambo ya pango. Nilitaka ukae kidogo tu."

Nilidhani bibi Val atainuka aende kufunga mlango polepole.

"Mjinga we," akasema. "Miaka yote hii unadhani nafuata ubao?"

Mzee akainua macho kutoka kwenye ndala.

"Nipe kopo."

"Kopo gani?"

"Clarrie."

Akatia mkono mfukoni, akalitoa lile kopo la tumbaku, akalishika kwanza kwa mikono miwili, halafu akampa. Bibi Val akaliweka kwenye kikapu chake, chini ya chupa ya chai.

Siku zilizofuata bibi Val ndiye aliyetoka asubuhi. Hakulowesha mkono. Alikuwa anamwuliza Errol, "Shakwe wako wanasemaje?" anamwuliza mumewe, "Na vinyweleo vyako?" kisha anapanda mwenyewe mpaka juu ya kilima cha mchanga, anasimama huko amejishika kiuno, anateremka, anaandika. Mara nyingine anaandika fukwe mbili. Siku moja aliandika PUMZIKENI tu, na watu wakapumzika kweli, hata Errol hakuoka.

Watu wakaanza kumletea vitu, kamba waliochemshwa, embe, mtu mmoja akamletea kofia mpya ya mpira. Pango walikwenda kuliona, yeye na mzee, wawili tu. Mama alimwuliza mzee lilikuwaje. "Dogo," akasema. "Errol alilikuza."

Asubuhi niliyomwangalia kwa mara ya mwisho kabla wageni hawajaanza kuondoka, mzee Clarrie alikuwa amesimama na wengine mbele ya ubao, taulo shingoni, nyuma ya watoto wawili. Alikuwa anaitazama ile chaki kwenye vidole vya mkewe, jinsi anavyoishika vibaya, karibu na ncha, ataivunja.

"Leo wapi, Val?" akauliza.

"Subiri kama wenzako."

Watu wakacheka. Pudden alikuwa amejilaza chini ya ubao, kichwa juu ya miguu ya bibi Val, mkia unapiga sakafu. Mzee akamtazama.

"Hata wewe," akamwambia.